Kofia Ngumu kwa Mpanda Baiskeli: Tuliyojifunza Zeist

Mwezi huu tunakupeleka Zeist. Ni mji ulioko katikati ya nchi ya Uholanzi, kilomita kama 10 kutoka Utrecht. Una wakazi wapatao 65,000, miti mirefu kila upande, na nyumba za matofali zenye madirisha makubwa. Kwa Wakristo wa Kanisa la Moraviani jina la Zeist si geni. Ndugu wa Moraviani walianza kukaa hapo mwaka 1746, na mpaka leo ukifika mbele ya jumba la zamani liitwalo Slot Zeist utaviona viwanja vyao viwili vinavyotazamana, kimoja kinaitwa Uwanja wa Ndugu na kingine Uwanja wa Akina Dada. Mwaka 1793 walianzisha hapo chama cha misheni, ambacho baadaye kilishirikiana na makanisa ya Afrika, yakiwemo ya kwetu Tanzania.

Tulialikwa na ushirika wa huko mwezi Mei, sisi akina mama sita wa Tabora, tukakaa majuma mawili. Kati yetu walikuwemo walimu wawili, wauguzi wawili, mkulima wa tumbaku na mfanyabiashara wa sokoni. Wenyeji wetu walikuwa wamechanga sadaka ya kuwanunulia baiskeli wasichana wa shule moja ya sekondari ya kutwa kwetu, ambao hutembea kilomita 8 hadi 10 kwenda shule na nyingine kama hizo kurudi nyumbani. Walitaka tuwaeleze kwa vinywa vyetu jinsi fedha hizo zitakavyotumika.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo la kufikiri. Kwa bei za Tabora sadaka hiyo ilitosha baiskeli 40. Lakini kabla hatujaondoka, sisi wauguzi tuliuliza: na kofia ngumu je? Tulipopiga hesabu tukaona kwamba tukimpa kila msichana baiskeli na kofia yake, tutapata 33 tu. Wasichana saba wangebaki wanatembea kwa miguu. Kofia ngumu ni lazima, au ni anasa ya wenye fedha? Tukasema twende tukaone wenye baiskeli zao wanafanyaje.

BAISKELI NYINGI KULIKO WATU

Uholanzi ina watu karibu milioni 18, na baiskeli zaidi ya milioni 23. Nchi yenyewe ni tambarare, kama ilivyo Unyamwezini kwetu, hivyo mtu hahangaiki na vilima. Asubuhi tuliwaona wakubwa wa ofisi wamevaa suti na tai wakipiga pedali. Tuliwaona wazee wa miaka 80 wakienda kanisani, na mchungaji akiwapita kwa baiskeli yake. Mama anatia watoto watatu kwenye baiskeli yenye sanduku la mbao mbele, anafunga mikanda yao, anaondoka. Mvua ikinyesha hawangoji ikatike. Wanavaa makoti ya plastiki na safari inaendelea.

Tulipokwenda Utrecht tulionyeshwa mahali pa kuegesha baiskeli chini ya kituo cha treni. Pana nafasi 12,500. Hapo mwenzetu mfanyabiashara alisimama akauliza, "Kama mtu amesahau alipoiweka ya kwake?" Mwenyeji wetu akacheka, akasema wako wengi wanaosahau.

Sisi watu wa Tabora baiskeli tunaijua. Phoenix ya baba imebeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, mgonjwa kwenda zahanati na hata bibi arusi. Kwa hiyo si wingi wa baiskeli uliotushangaza zaidi. Kilichotushangaza ni vichwa. Asubuhi moja tulikaa kwenye benchi karibu na shule tukawahesabu wapanda baiskeli 200. Waliovaa kofia ngumu walikuwa 11. Watatu walikuwa watoto wadogo, sita walikuwa wazee, na wawili vijana wa mashindano waliovaa nguo za kubana. Wengine wote, vichwa wazi!

KWA NINI HAWAVAI?

Tuliwauliza akina mama wenyeji wetu baada ya ibada, tukinywa kahawa. Wala hawakuona haya. Majibu yao yalikuwa matatu.

La kwanza, walisema wao hawaendi mbio. Baiskeli kwao si mchezo, ni miguu tu yenye magurudumu. La pili, walisema njia zao ni salama. La tatu, walisema sheria haiwalazimishi, na hawataki iwalazimishe, kwa maana watu wengi wangeona usumbufu, wakaziacha baiskeli na kurudi kwenye magari. Na mtu aliyeacha baiskeli, walisema, atakutana na ugonjwa wa moyo na kisukari kabla hajakutana na ajali.

Jibu hilo la tatu sisi wauguzi hatukulidharau. Shinikizo la damu na kisukari tunaviona kila siku kliniki, hata kwa akina mama wa umri wetu. Mazoezi ya kila siku ni dawa isiyouzwa dukani.

Lakini jibu la pili ndilo lililotufanya tuziangalie zile njia kwa makini. Uholanzi ina njia za baiskeli peke yake zaidi ya kilomita 35,000. Nyingi zimewekwa lami nyekundu, na zimetengwa na barabara ya magari kwa ukingo au kwa majani. Zina taa zake ndogo zenye picha ya baiskeli. Katika mitaa ya makazi magari mengi hayaruhusiwi kuzidi kilomita 30 kwa saa. Usiku kila mpanda baiskeli lazima awe na taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma. Watoto wa shule ya msingi hufanya mtihani wa kuendesha barabarani, mtihani wa kweli. Tena sheria yao humwelekezea dereva wa gari mzigo wa fidia anapomgonga mpanda baiskeli, asipoweza kuonyesha kwamba hakuwa na namna yoyote ya kuepuka. Kwa hiyo dereva wa huko akimwona mtoto kwenye baiskeli, mguu wake unakwenda wenyewe kwenye breki.

NJIA HIZO ZILIPIGANIWA NA AKINA MAMA

Mpenzi msomaji, usidhani kwamba Waholanzi walizaliwa wakazikuta njia hizo. Mama mmoja mzee alituambia kwamba alipokuwa kijana magari yalijaa mitaani na baiskeli zilisukumwa pembeni kama takataka. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 katika nchi hiyo ndogo. Kati yao watoto walikuwa zaidi ya 400. Hebu fikiri: majeneza madogo zaidi ya 400 kwa mwaka mmoja.

Mwandishi wa habari mmoja, Vic Langenhoff, alifiwa na binti yake aliyegongwa na gari. Aliandika makala yenye uchungu mkubwa, na kichwa cha makala hiyo kikawa jina la chama: Stop de Kindermoord, maana yake "Komesheni Mauaji ya Watoto". Mwenyekiti wa kwanza wa chama hicho alikuwa mama kijana, Maartje van Putten, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Ulaya. Akina mama na baba waliifunga mitaa, wakawaacha watoto wacheze mahali magari yalipokuwa yakipita mbio. Walikwenda kwa wakubwa wa serikali, wala hawakuchoka kwenda. Kisha mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani, na kuanzia Novemba 4 mwaka huo serikali ikatangaza Jumapili zisizo na magari. Watu walitembea na kuendesha baiskeli kwenye barabara kuu, wakaonja utulivu, wakaupenda. Baada ya hapo miji ikaanza kujenga.

Mwaka 2023 waliokufa barabarani Uholanzi walikuwa 684. Ni wengi bado, lakini ukilinganisha na zaidi ya 3,000 wa mwaka 1971, na magari yameongezeka mno tangu wakati huo, utaona kazi iliyofanyika. Haikufanywa na kofia. Ilifanywa na barabara, sheria na wazazi waliokataa kunyamaza.

BIBI NA MFUKO WA VITUNGUU

Kama tungeondoka Zeist siku hiyo, tungerudi nyumbani tukisema kofia hazina kazi. Lakini kuna upande wa pili.

Kati ya wale 684 waliokufa mwaka 2023, wapanda baiskeli walikuwa 270. Wamewazidi waliokufa ndani ya magari. Wengi wao ni watu wa miaka 60 na zaidi. Siku hizi wazee wengi wanatumia baiskeli za umeme, ambazo zinamsaidia mtu hadi mwendo wa kilomita 25 kwa saa, na miguu ya mzee haiwezi kusimamisha haraka kile ambacho mota imekipeleka haraka. Tena wengi hawagongwi na mtu. Wanaanguka wenyewe: kwenye ukingo, kwenye majani yenye utelezi, wakati wa kupanda au kushuka.

Bibi mmoja wa ushirika, mzaliwa wa Suriname mwenye miaka 71, alikuwa miongoni mwa wachache waliokuja kanisani na kofia ngumu, ya rangi ya zambarau, tena imelingana na gauni lake. Tulimwuliza kwa nini anavaa na wenzake hawavai.

"Wanangu," alituambia, "mimi sikugongwa na gari. Niligongwa na mfuko wa vitunguu."

Alikuwa ametoka sokoni, mfuko ameutundika kwenye usukani. Mfuko ukaingia kwenye spoki za gurudumu la mbele, baiskeli ikasimama ghafula, yeye akaendelea. Kichwa kilifikia kwenye jiwe la ukingo. Mfupa haukuvunjika, lakini ubongo ulitikisika. Miezi mitatu hakuweza kusoma Biblia yake kwa sababu herufi zilimletea maumivu ya kichwa, wala hakuweza kuvumilia kinanda cha kanisani. "Njia ilikuwa nzuri," alisema, "nyekundu, imefagiliwa. Lakini lami nzuri nayo ni ngumu."

Madaktari wa Uholanzi wanaotibu ubongo wamekuwa wakiwahimiza watu wavae, na mwaka 2024 ilianzishwa kampeni ya taifa ya kuwashawishi kwa hiari. Kwa baiskeli ya kawaida hakuna sheria. Kwa baiskeli za umeme ziendazo kasi hadi kilomita 45 kwa saa, kofia imekuwa lazima tangu 2017, na kwa vipikipiki vyepesi tangu Januari 1, 2023.

WENGINE WALIAMUA KWA SHERIA

Ziko nchi zilizochagua njia nyingine. Jimbo la Victoria huko Australia lilikuwa la kwanza duniani kuwalazimisha wapanda baiskeli wote kuvaa kofia ngumu, kuanzia Julai 1, 1990. New Zealand ilifuata mwaka 1994. Matokeo yake yanabishaniwa na wataalamu mpaka leo. Walioumia kichwani walipungua. Lakini pia walioendesha baiskeli walipungua, hasa wasichana na wavulana wa sekondari, ambao hawakutaka kuvaa. Kwa hiyo wengine wanasema sheria iliokoa vichwa, wengine wanasema iliwaondoa watu kwenye baiskeli. Huenda yote mawili ni kweli.

Juu ya kofia yenyewe ubishi ni mdogo. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Australia waliziweka pamoja tafiti 40 zilizohusu wapanda baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia. Waliona kwamba kwa waliovaa kofia, uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa pungufu kwa karibu nusu, na wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 70.

KOFIA INAFANYA KAZI GANI?

Ubongo ni laini, kama ugali wa moto uliotoka sufuriani. Mungu ameuweka ndani ya fuvu, akauzungushia maji. Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama mara moja, lakini ubongo unaendelea kwenda na kujigonga ndani. Mishipa midogo hukatika. Damu ikivujia ndani ya fuvu haina pa kutokea, kwa hiyo inaukandamiza ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka, akainuka, akasema "mimi mzima", akala chakula cha usiku, na asubuhi asiamke.

Ndani ya kofia ngumu mna lile povu jeupe gumu, la jamii ya masanduku wanayobebea samaki wa barafu kutoka Mwanza. Kichwa kinapogonga, povu linabonyea polepole na kuchukua nguvu ambayo ingeingia kwenye ubongo. Linabonyea mara moja tu. Likishabonyea halirudi, hata kama kwa nje kofia inang'aa. Kwa sababu hiyo, wenyeji wetu walipotaka kutupa sanduku la kofia ambazo watoto wao walikuwa wamezikua, tulishukuru sana, lakini tuliomba kwa upole tusizichukue. Hakuna aliyejua ipi imeshaanguka.

Tuseme pia mipaka yake. Kofia ya baiskeli hupimwa kwa pigo la mwendo wa kilomita kama 20 kwa saa, yaani kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli. Haikutengenezwa kushindana na lori. Wala haizuii kisigino cha mtoto kuingia kwenye spoki, jeraha ambalo sisi wauguzi tunalifunga mara nyingi kuliko la kichwa.

UBISHI WETU WA USIKU

Usiku wa mwisho tulikaa jikoni kwa mwenyeji wetu, tukalijadili jambo letu. Mwalimu mmoja alianza. "Waholanzi wenyewe hawavai. Sisi tunawaza kofia kabla hatujawa na baiskeli?"

Mama mkulima akamjibu, "Mwalimu, Waholanzi wamevalishwa barabara. Mtoto wetu atavalishwa nini? Akitoka kijijini anaingia kwenye lami ya malori ya tumbaku na mabasi ya Mwanza. Hana njia nyekundu wala taa. Pembeni ni changarawe, na basi likipiga honi ni lazima ashuke shimoni."

Hilo lilikuwa neno. Lakini mfanyabiashara naye alikuwa na lake, tena zito. "Na wale saba wanaobaki wanatembea? Mnajua anayewangoja njiani. Kijana wa bodaboda anasema, 'Panda mdogo wangu, nikusogeze.' Leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa binti ana mimba na shule imekwisha. Kofia ya kichwa itamkinga na hilo?"

Jikoni pakawa kimya. Sisi wauguzi tumepokea mabinti wa namna hiyo katika wodi ya wazazi, na tumepokea wengine katika chumba cha majeruhi. Hatukuweza kusema hatari ipi inapewa kisogo.

Mwalimu wa pili ndiye aliyetukumbusha sheria ya Musa katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwisraeli aliyejenga nyumba mpya aliagizwa azungushie dari yake ukingo, ili mtu asianguke na nyumba ikapata hatia ya damu. Nyumba zao zilikuwa na dari bapa ambapo watu walipumzika na kulala. Mungu hakusema watu wasipande darini. Wala hakusema, "Wapande tu, nitawalinda." Alisema wekeni ukingo. Anayempa mtu mahali pa kupanda, anawajibika pia kwa anguko lake.

Kwetu tumezoea kusema ajali haina kinga. Tunasema hivyo msibani ili tufarijiane, na faraja hiyo ni njema. Lakini tusiigeuze kuwa kanuni ya kuishi. Nyingi zina kinga, nasi tuliziona kwa macho yetu.

Basi tuliwagawa wasichana 40 kwa njia wanazopita. Kumi na wanane hupita njia za vijijini, katikati ya mashamba na miembe, ambako magari ni machache. Ishirini na wawili hupita kwenye lami ya magari makubwa. Tuliwaomba wenyeji wetu sadaka yao inunue baiskeli 36 na kofia 22, kila msichana wa lami apate yake. Baiskeli nne zilizopungua, na kofia za wale wa vijijini, tuliahidi kuzitafuta sisi wenyewe kwa kuuza asali na karanga. Wenyeji waliridhika. Bibi wa vitunguu alitoa bahasha papo hapo, akasema hiyo ni ya kofia ya kumi na tisa ya vijijini, kwa maana siku zote kuna mtoto aliyesahauliwa.

Baiskeli zimefika, zote za kike, zisizo na bomba la juu, ili sketi isisumbue. Kofia zilikuja kutoka Dar es Salaam. Wasichana wetu wa sekondari hunyoa nywele, kwa hiyo kofia zimewakaa vizuri kuliko zingekaa juu ya misuko yetu na vilemba. Asali imetupatia baiskeli mbili na kofia tisa. Wasichana wawili bado wanatembea, na tumewaomba akina mama wa njiani wawaangalie wanapopita.

MASHAURI KWA AKINA MAMA

Kama una mtoto anayeendesha baiskeli, au mume anayekwenda kazini kwa baiskeli, yafikirie haya.

1. Anza na baiskeli. Breki zote mbili zishike, cheni isiwe imelegea, kengele ilie. Kofia haifanyi kazi ya breki.

2. Giza likiingia, taa mbele na nyuma. Fedha zikiwa chache, bandika angalau utepe unaong'aa kwenye magadi na kwenye begi la shule.

3. Mtoto mdogo asikae kwenye bomba wala kwenye keria miguu ikining'inia. Ziba spoki kwa wavu au ubao mwembamba, na mwekee pa kukanyagia.

4. Mtoto anayepita barabara ya magari avae kofia ngumu, hata kama wenzake watamcheka. Watachoka kucheka. Mtu mzima tusimlazimishe, lakini tumweleze, hasa mzee, na hasa anayetumia lami.

5. Kofia ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya Jumapili. Mikanda ikutane chini ya masikio. Chini ya kidevu kiingie kidole kimoja au viwili tu. Iliyolegea ni pambo.

6. Ikishapigwa kwa nguvu, itupe. Usinunue ya mtumba usiyojua habari zake. Na mtoto aivue kabla ya kupanda miti au kucheza, mkanda usije ukamnasa shingoni.

7. Aliyeanguka na kugonga kichwa aangaliwe siku nzima na usiku wake. Akitapika mara kwa mara, akisinzia asiamke vizuri, akichanganyikiwa, akishikwa na degedege, akitokwa na damu au maji masikioni au puani, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mpelekeni hospitali mara moja. Msimpe pombe wala dawa ya usingizi, na msingoje asubuhi.

Mwisho, tusiishie kwenye kofia. Vikundi vya akina mama vina sauti. Halmashauri inapojenga barabara mbele ya shule, tuulize mapema: watoto watapita wapi? Tuta liko wapi? Pembeni pametosha baiskeli? Akina mama wa Uholanzi waliuliza hivyo kwa miaka mingi wakionekana wasumbufu, na leo wajukuu wao wanapita salama. Nasi tuulize, tuombe, tuulize tena, na wakati tunangoja barabara ijengwe, tumfunge mtoto mkanda wa kofia yake.